Kadi Yenye Jina la Marehemu

Kwa miaka ishirini na saba Mama Muhuri alikaa nyuma ya dirisha namba nne katika ofisi ya kusajili magari, na wengi waliopita hapo walionja ulimi wake. Ukileta kadi ya gari yenye jina lisilo la aliyekuuzia, alikuwa anavua miwani, anaifuta taratibu kwa upindo wa gauni, kisha anakuuliza kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa foleni, "Baba, ulinunua gari au ulinunua maneno?" Foleni inaangua kicheko, nawe unatamani ardhi ipasuke. Kwenye kioo alibandika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: KUULIZA SI UJINGA. Alipostaafu walimuaga kwa saa ya ukutani, na karatasi ile wakaiacha palepale.

Lakini wahenga walishasema, kinyozi hajinyoi.

Mwaka uleule figo za mumewe zilimgomea. Mzee alikuwa seremala, mtu wa kusimama kutwa nzima mbele ya meza ya randa, na sasa akawa wa kupelekwa hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu. Akitoka huko alikuwa amelegea kiasi kwamba kupanda ngazi za basi ilikuwa kazi ya watu wawili. Mama Muhuri akaamua kiinua mgongo chake kiwe gari, hata likiwa kuukuu.

Ndipo akafariki dereva wa ofisi, rafiki yake wa miaka yote, ambaye watoto wake walimwita Mama Muhuri shangazi. Marehemu aliacha gari dogo la bluu alilokuwa akilifuta kila asubuhi, hata siku asiyokwenda popote. Wiki tatu baada ya mazishi, kijana wake wa kwanza alipiga simu.

"Shangazi, nasikia unatafuta gari. La mzee lipo. Sitaki liende kwa mtu baki."

Alikwenda. Akainama mbele ya gari kama mkaguzi, akalinganisha namba ya chasisi na ile ya kwenye kadi, tarakimu moja moja, kisha namba ya injini. Zote zilikaa mahali pake. Jina tu ndilo lilikuwa la mtu aliyelala kaburini. Naye alijua swali la kuuliza, alilijua kuliko mtu yeyote katika mji ule: mahakama imemteua nani kuwa msimamizi wa mirathi, na barua yake iko wapi?

Walirudi sebuleni kumalizia mazungumzo. Picha ya marehemu ilikuwa ukutani, chai ikaletwa, na swali likafika kwenye ncha ya ulimi. Kijana akapangusa macho. "Baba angefurahi likiwa lako, shangazi." Sasa hapo unamdaije mfiwa barua ya mahakama? Angeonekana mtu wa namna gani? Alilimeza swali pamoja na chai, na kesho yake akamlipa kijana kiinua mgongo chote, akakabidhiwa gari. Siku hiyo muhuri wetu uliishiwa wino.

Kuhamisha jina alijiambia ni wiki ijayo. Wiki ijayo ikapata sababu yake, na iliyofuata pia. Ukweli ni kwamba alijua angeulizwa nini dirishani, na vijana aliowaacha pale ofisini wangemuuliza kwa adabu, jambo ambalo lingemuuma zaidi. Gari likambeba mgonjwa miezi minane. Mzee akawa na mto wake kwenye kiti cha mbele, na alishaanza kusema "gari letu".

Jumamosi moja alikuja binti wa marehemu, bahasha mkononi. Hakutaka kukaa.

"Shangazi, mahakama imeniteua mimi. Kaka hapatikani kwenye simu, na hatujui aliko. Watu wametuambia gari la baba liko kwako. Hili gari ndicho kitu pekee baba alichotuachia, mama na wadogo zangu hawana kingine."

Mama Muhuri aliisoma barua akiwa amesimama. Akaigeuza nyuma, akaitazama sahihi, tarehe, muhuri, akitafuta kasoro kwa mazoea ya miaka ishirini na saba. Moyoni, Mungu amsamehe, aliomba aipate.

"Ni halali," alisema.

Akaenda kwenye gari, akautoa ule mto, akarudi na funguo. "Nisamehe, mwanangu. Siku ile niliona haya kuuliza. Niliogopa kuwaumiza."

Binti alizipokea funguo. "Sisi hatukujua kama linauzwa. Kaka alituambia umekuja kutupa pole, na baadaye akasema gari liko kwa fundi. Chai niliileta mimi, shangazi. Ukanishukuru, ukaniuliza kama nimekula, ukaniuliza na habari za masomo." Akageukia lilipo gari. "Ungeongeza hilo moja tu, ningekujibu."

Mama Muhuri alisimama getini mpaka lile gari la bluu lilipokata kona.

Jumatatu asubuhi walikuwa kituoni, yeye amekumbatia mto, mumewe amemwegemea begani. Basi la kwanza lilikuja limejaa, wakasubiri la pili.