Siku nilipigia simba sufuria

Bandugu zangu wa mutaa yetu ya Mbunya, hapa Bunia, haya ya ile siku ingali kwa uso wangu, hata sasa mutu akitaja simba pale soko nainama sawa vile natafuta kitu chini. Lakini haya yangu si ile munafikiri, na juu binti yangu Furaha ameisha kuzungusha habari vile anapenda yeye, acha niieleze mwenyewe.

Furaha aliolewa ngambo ya ziwa, Uganda. Nilienda kumuona, na bwana yake akasema atatupeleka mu pori tuangalie nyama. Huyo ni bokilo wangu, jina yake sitaji (kwetu mama ya bibi hataji jina ya bokilo, hakuli mbele yake, wala bokilo hakuli mbele ya mama, na hasa mama hamugusi, ukimugusa heshima imekatika na hakanyagi tena kwako, yeye na wajukuu, mupaka uitengeneze). Nikajiuliza, kuangalia nyama ni kazi gani, siye zikitokea tunakimbia. Lakini mutu amekuheshimu, utakataa namna gani. Nikapika sombe, yale majani ya muhogo, na mawese, nikajaza sufuria, nikaweka kifuniko na muiko juu.

Shofere akasema, "Mama, leta tuweke nyuma."

Nikakataa. Chakula yangu ikae na gurudumu na mafuta ya mutuka? Nikaipakata kwa magoti sawa mutoto, na hapo ndipo kila kitu kilianza kuharibika. Bokilo alikaa mbele, mugongo kwangu, vile inafaa, na miye nyuma yake, Furaha pembeni yangu, nimejifunika kitenge mupaka kichwa.

Tukafika pahali mituka imejipanga, wazungu wamejaa ndani, wote kimya sawa mu misa. Simba muke alikuwa anatambaa mu nyasi, tumbo chini, na karibu yake swala na mutoto wake wanakula, hawajui kitu.

Nikamuuliza shofere, "Hakuna mutu wa kuwaambia?"

"Mama, hapa hatupigi kelele. Watu wanangoja tangu asubui."

"Wanangoja nini?"

"Amukamate."

Watu wazima, wameshiba, wanangoja mutoto afe mbele ya mama yake ili wapige picha. Kwetu Djugu chui akikaribia mbuzi, hata mbuzi ya mutu munagombana naye, unapiga sufuria, jirani anapiga yake, mupaka kilima yote inajibu, na mwenye alikaa kimya ndiye wanamuuliza kesho yake. Miye mwenyewe niko muzima juu jirani alipiga sufuria siku ile tulikimbia vita kule.

Simba akajikunja. Mikono yangu haikuniuliza. Nikatoa kifuniko, nikakipiga na muiko, nikalia na sauti yote Mungu alinipa. Swala wakaruka, wakapotea, mama na mutoto wake. Simba akageuka akaniangalia (miye, si mutu mwingine), akaenda zake. Wazungu wakaanza kulalamika mu luga yao, shofere akaona haya, akarudisha mutuka nyuma kwa nguvu, na sufuria yangu isiyo na kifuniko ikaruka mbele, sombe yote, na mawese yake, juu ya kichwa ya bokilo.

Ikaanza kushuka kwa masikio. Na miye, badala ya kufunga macho, nikavua kitenge nikamupanguza. Kichwa, shingo, hata pua, sawa vile napanguza mujukuu.

"Mama," Furaha akasema polepole, "unafanya nini?"

Hapo ndipo niliona mikono yangu iko wapi. Nilitamani simba arudi.

Nikarudi Bunia bila kuaga. Nikamutumia bokilo kuku ya kutengeneza heshima, vile desturi inataka, nikangoja, na kila nikiona wajukuu wa jirani wanacheza roho ilikuwa inanikata. Kisha siku moja nikasikia wangu wanacheka inje ya lupango, uzio ya nyumba yangu, na baba yao amesimama pale, amegeuza mugongo.

"Mama, kuku nilipokea. Heshima imerudi."

"Asante, baba."

"Na ile sombe ilikuwa tamu."

Munasikia? Bokilo anasema mbele ya mama ya bibi yake kwamba aliilamba ile chakula mbele yake. "Ile nayo ni kosa," nikamujibu. "Sasa kuku ni weye wa kuleta." Na aliileta.

Mutuka moja na bokilo sipandi tena, hata kwenda misa. Lakini juu ya simba siombi mutu musamaha. Sufuria sasa naifunga na kamba nikisafiri. Muiko naacha karibu na mukono.