Klematisi ya Ukuta wa Kusini

Shangazi yangu Leokadia aliogopa mambo mawili tu: kufa bila padri, na baridi kali inayotangulia theluji. La kwanza Mungu alimwepusha nalo. La pili lilimkuta katika majira yake ya mwisho ya baridi, na mwenye dhamana nilikuwa mimi.

Alikuwa dada wa baba yangu. Alinichukua nikiwa na miaka tisa, mama alipofariki, akanilea bila kuniuliza kama nilitaka. Kwa miaka ishirini na minane alifunga siagi kwenye kiwanda cha maziwa, kisha kila jioni alivua viatu vya kazi, akatoka nje kuangalia klematisi yake, mmea wa maua unaotambaa. Aliileta kijijini kwetu, karibu na mji wa Suwałki, ikiwa kijiti kimoja tu, kimefungwa gazeti lililolowa, kutoka kwenye bustani ya watawa. Aliipanda kwenye ukuta wa kusini wa nyumba yake ya mbao, akaufukia mzizi chini zaidi kuliko alivyoelekezwa, ngumi mbili kamili. Ikatambaa mpaka chini ya paa. Maua yake yalikuwa mapana kama visahani, ya zambarau, na kila Juni ndiyo yaliyopamba altare iliyojengwa langoni pake kwa ajili ya maandamano ya Ekaristi Takatifu.

Lakini klematisi ya namna ile huchanua Juni juu ya fito za mwaka uliopita. Fito zikiuawa na baridi, Juni hakuna ua. Ndiyo maana kila mwaka, baada tu ya sikukuu ya Watakatifu Wote, Shangazi alizifungua kutoka ukutani moja moja, akazilaza chini, akazifunika kwa majani makavu na matawi ya misonobari. Kazi iliyobaki aliiachia theluji, ambayo ikilala juu yake hukinga kama blanketi, baridi kali isipenye.

Mwaka ule, mwezi wa Oktoba, alipata kiharusi. Alilazwa wiki sita. Mimi na mume wangu Witek tukawa watu wa kwenda na kurudi hospitali, na klematisi ikanitoka akilini kabisa. Nilipoikumbuka Novemba ilikuwa inaisha, na asubuhi ile kipimo kilionyesha nyuzi tisa chini ya sifuri. Nilikimbia nikazivuta fito hivyo hivyo, zimeganda. Zikavunjika mikononi mwangu kama tambi kavu. Kati ya fito saba, nne zilikatika. Zile tatu nilizilaza na kuzifunika. Vipande nilivitia jikoni vikaungua, mtu asivione.

Shangazi alirudi nyumbani Desemba. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa, ulimi mzito, lakini akili ilikuwa kali kama zamani. Hata koti hatujamvua, akauliza:

"Umeilaza?"

"Nimeilaza, Shangazi."

"Yote?"

"Yote."

"Hakuna iliyovunjika?"

"Hakuna."

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Majilio. Nilijiambia nitaungama kabla ya Krismasi, nikafika kwa padri nikataja hasira na uvivu, hilo nikalimeza.

Theluji haikuja. Desemba yote ardhi ilibaki tupu, nyeusi, ngumu kama chuma. Kila asubuhi, kabla ya chai, Shangazi aliuliza kutoka kitandani, "Imeanguka?" nami nikajibu, "Bado." Alishika rozari kwa mkono wa kushoto, akasali fungu zima kuomba theluji. Januari kipimo kikashuka hadi ishirini na sita chini ya sifuri, na bado mbingu zilikuwa kavu. Siku hiyo hakuuliza.

Nikachukua wilbaro na koleo. Kwenye mtaro kando ya msitu ilibaki theluji kuukuu, ile chache iliyoanguka Novemba na kupeperushwa kutoka ziwani. Niliichimba, nikaisukuma nusu kilomita, nikaimwaga juu ya matawi ya misonobari, nikarudi tena. Safari ya nne jirani yetu Edmund alisimama getini kwake, mikono mifukoni.

"Wee Bogna! Watu tunalipa theluji iondolewe, wewe unaiba?"

"Naihamisha tu, Bwana Edmund."

"Unaihamishia wapi? Sokoni?"

"Kwenye klematisi ya Shangazi."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaingia bandani kwake, akatoka na wilbaro lake. "Yule bibi akifufuka kitandani akakuta mmea wake umekufa," alisema, "atatuzika sote wawili." Tulibeba mpaka jua likazama. Shangazi alituona dirishani. Hakusema asante. Alisema, "Huku kushoto ni kwembamba. Ongezeni."

Mwishoni mwa Machi, siku ya mawingu, alitaka kutolewa nje. Nilimwambia bado mapema, nikamwambia kuna upepo, nikamwambia gurudumu la kiti chake cha kusukumwa lina kasoro. Akanijibu, "Bogna, nina miaka sabini na nane. Nikisubiri gurudumu lako nitapogoa kaburini." Witek akambeba, tukamfunga blanketi mbili, tukamweka mbele ya ukuta. Nikaondoa matawi moja baada ya jingine, polepole, kama mtu anayefunua uso wa maiti.

Aliziona fito tatu. Alizihesabu kwa kidole, kisha akaangalia ukutani, kisha akaniangalia mimi.

"Nyingine ziko wapi?"

Nililia nikiwa nimepiga magoti kwenye matope. Nikamweleza yote: siku niliyosahau, asubuhi ya baridi, vipande nilivyochoma, na uongo wa Majilio. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umeungama?"

"Bado."

"Utaungama Jumamosi. Sasa shika mkasi. Na usiushike hivyo, unaushika kama padri anayekamata kuku."

Akaniongoza. Mtu asipogoe kwa macho, alisema, kwa sababu mwezi wa Machi ufito ulio hai na uliokufa hufanana. Anza juu. Kwaruza ganda kwa kucha. Ukikuta kijani, shuka mpaka kwenye macho mawili yaliyovimba, yaani machipukizi, ukate juu yake. Ukikuta kahawia, shuka tena.

Nilikwaruza. Kahawia. Nikakata, nikashuka. Kahawia. Ufito wa kwanza uliniishia mkononi kipande kwa kipande mpaka usawa wa kifundo cha mguu, wote mkavu. Wa pili vilevile. Wa tatu nilikwaruza kila inchi, nikiomba kwa sauti, mpaka udongo ukanizuia. Hakukuwa na kijani popote.

"Kata zote usawa wa ardhi," Shangazi alisema.

"Imekufa, Shangazi. Nimeiua."

"Hujui. Na mimi sijui. Nilizika mzizi ngumi mbili. Kilichoko chini huko hatukioni."

"Tuchimbe tuangalie?"

"Uchimbe, uivunje na hiyo iliyobaki? Acha."

Kwetu hakuna anayeamini masika mpaka wapite wale watakatifu watatu wa baridi, Pankrasi, Servasi na Bonifasi, na nyuma yao Sofia, katikati ya Mei, maana barafu yao huua kila kilichojitokeza mapema. Wiki saba nilikwenda ukutani asubuhi na jioni. Udongo tu. Shangazi alidhoofika. Aprili alikuwa akila supu, Mei uji, tena vijiko vitatu. Sikujua tena ninamwombea nani, yeye au mzizi. Wakati wa litania za Mei nilimwita Bikira Maria kwa majina yake yote huku akili yangu iko chini ya ardhi ngumi mbili.

Siku ya pili baada ya Sofia niliiona: ncha ndogo, nyekundu iliyoiva, nene kama penseli, imeinua udongo. Nilipiga kelele hadi Edmund akaja na koleo akidhani ni nyoka. Tulimtoa Shangazi nje. Aliinama mpaka nikamshika bega asianguke. "Moja," alisema. Akalala mchana kutwa.

Ilikua haraka. Mkesha wa sikukuu ya Ekaristi ilikuwa imefika gotini, na Edmund alileta maua ya peoni ya shamba lake kwa ajili ya altare bila kuombwa. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: ufito uliotoka mzizini huchanua kwa kuchelewa, lakini huu ukienda hivi, katikati ya Julai huenda ukatoa ua. Daktari alikuwa ametuambia tusitegemee zaidi ya Julai.

Shangazi aliutazama ufito. "Kata ncha," akasema.

"Nini?"

"Juu ya jozi ya pili ya macho. Mmoja mrefu hivi utavunjwa na upepo mmoja. Ukikatwa utatoa miwili, miwili itatoa minne."

"Nikikata utachelewa mpaka mwisho wa Agosti!"

"Najua."

"Shangazi, hutauona."

"Najua, mwanangu. Mkasi uko mfukoni mwako, naona umbo lake."

Nilisema nitakata wiki ijayo. Alisema wiki ijayo shina litakuwa limekomaa. Nilisema wacha uchanue kwanza mara moja, kwa ajili yake. Alikasirika, hasira ya kweli, mpaka mate yakamtoka upande ule mbovu wa mdomo. "Si kwa ajili yangu," alisema. "Nimechoka kukuomba."

Nikapiga magoti. Nikahesabu macho mara mbili, nikakata juu ya jozi ya pili. Ncha ilianguka udongoni, bado laini. Alinitaka nimsogeze karibu, akakagua nilipokata, akasema nimekata mshazari vizuri, maji hayatatuama.

Alifariki tarehe ishirini na tisa Julai, mchana. Fito zilikuwa nne, zimefika dirishani, hazina hata tumba moja. Ua la kwanza lilifunguka Agosti ishirini na nne, dogo kuliko ya zamani, zambarau ileile. Mwaka huo yalitoka kumi na moja.