Niliishia Tisini na Saba

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda, hasira ya kujikasirikia mwenyewe. Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni huko Sengerema, na nilidhani hesabu nimezaliwa nazo.

Ijumaa moja mwalimu wetu, Mzee Bulugu, aliandika ubaoni 1,000,001. Akataka Jumatatu tumwambie kama ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Nikaanza. Mbili haiingii, maana inaishia na moja. Tatu haiingii, jumla ya tarakimu zake ni mbili tu. Tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, zote zinabakiza. Nikaenda hivyo Jumamosi nzima mpaka tisini na saba, ikabaki ishirini na nane. Vidole vinauma. Nikajiambia, kama imekataa mpaka hapa, haitakubali tena. Maneno hayo wewe na wenzako mnayajua. Mnaniambia kila siku.

Jumatatu nikasimama, nikatangaza kuwa ni tasa. Kokugonza, binti mpole wa Bukoba ambaye hakuwa msemaji, akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu, mimi sijamaliza. Bado sijajua."

"Hujui kwa sababu hesabu huziwezi," nikamwambia. Darasa likacheka. Akakaa, akafunika daftari lake.

Mzee Bulugu hakucheka. "Wewe uliishia wapi?"

"Tisini na saba."

"Tasa inayofuata ni ipi?"

"Mia moja na moja."

"Igawe."

Nikagawa mbele ya wote. Ikaingia mara 9,901, hapakubaki kitu. Mzee akavua miwani, akanitazama kama mtu aliyechoka kabisa.

"Ulitakiwa ufike karibu na elfu moja, maana elfu mara elfu ndiyo milioni. Umeishia njiani. Sawa, watu huchoka. Lakini mwenzako amesema kweli kwamba hajui, wewe ukamfanya mjinga. Hilo ndilo lililonichosha."

Nilimfuata Kokugonza bwenini nikamwomba radhi. Akasema yameisha. Lakini mwaka ule wote hakunyoosha mkono tena, nami kila kipindi nilikuwa nageuka kumtazama, nikisubiri.

Sasa ninyi mnaniletea jibu mlilolitazama nusu, na mkiulizwa mnapandisha sauti. Inachosha, jamani. Haraka haraka haina baraka mnaiimba tangu chekechea, na bado. Mwanangu, ukiishia njiani, sema umeishia njiani, hakuna atakayekufukuza. Na anayekiri kwamba hajui, mwache amalize kazi yake. Ulimi hauna mfupa, ila ukimvunja mtu moyo, radhi hulifuta kosa tu. Ujasiri wake huwezi kumrudishia.

Mungu akupe subira ya kugawa mara moja zaidi pale unapotaka kuacha, na akuwekee karibu watu wasioona haya kukwambia, "Bado sijajua."