Maandishi Yasiyotakiwa Kipini Wala Shambani

Siku niliyorudi kutoka Kipini na karatasi zangu zilizokataliwa bado naikumbuka, mwanangu, ingawa mengi mengine ya ujana yamekwisha kunitoka kichwani. Umeniletea maandishi yako asubuhi hii na uso umekuvimba kwa hasira. Wanachuoni wamekwambia ni mepesi, watu wa kijijini wamekwambia ni mazito, na wewe unataka nikwambie nani ana haki. Keti. Swali hilo limenichosha tangu hujazaliwa, lakini nitakusimulia yaliyonipata, kisha utajua mwenyewe la kufanya.

Wakati huo Wazungu walikuwa hawajatia bendera yao Kipini. Nilikuwa nikisoma huko kwa mwalimu mmoja mwenye elimu nyingi na subira kidogo, na nilikuwa karibu kupata ijaza, yaani idhini yake ya kufundisha. Marehemu baba, Mungu amrehemu, alikwisha kuwatangazia watu wote huku Garsen kwamba mwanawe atarudi na kilemba. Baba hakujua kusubiri habari iive.

Mwaka huo mafuriko ya mto yalimchukua Bakari, mtoto wa pekee wa shangazi yangu Hadija. Walimtafuta mpaka maji yakapungua, mwili haukuonekana. Shangazi hakuwa na kaburi la kuzuru. Alikuwa na wimbo tu, aliomtungia mwenyewe, na alikuwa akimwimbia shambani kila siku. Kisha akapita mgeni mmoja, msomi wa kutoka mbali, akawaambia wanawake kwamba kumlilia maiti kwa nyimbo ni dhambi, na adhabu yake humfikia maiti mwenyewe. Shangazi akanyamaza siku hiyo hiyo. Akakonda.

Nilipokuja kutoka Kipini kumpa pole, hakuniuliza hata safari ilikuwaje.

"Mwanangu, wewe umesoma," alisema. "Ule wimbo unamwumiza Bakari?"

Sikujua. Nilimwomba aniambie maneno yake bila kuyaimba, nikayaandika, nikakaa nayo. Wimbo ulikuwa mfupi. Ulikuwa na maneno haya: *Mto, umechukua na hukuuliza jina, mimi jina nalijua, nalitaja.* Nikaanza kuandika juu yake kwa Kiswahili chetu cha kawaida, si shairi wala fatwa. Niliandika kama mtu anayefikiri na mwenzake amekaa kando yake. Niliandika kwamba mama huyu hamlaumu Mungu popote katika wimbo wake. Anaugombeza mto, na ugomvi wake ni mmoja tu, kwamba mto umemchukua mtu kama unavyochukua magogo. Niliandika pia kwamba huenda kulia ni jambo moja na kutaja jina ni jingine. Na mahali nisipojua, niliandika kuwa sijui.

Nilidhani nimeandika kitu kizuri. Kwa hiyo nilishuka mto kwa mtumbwi mpaka Kipini, nikampelekea mwalimu.

Alisoma amesimama. Alipomaliza, alizikunja zile karatasi pole pole.

"Hapa wanena wewe," alisema. "Wewe u nani? Ni mwanachuoni gani aliyesema kuugombeza mto si kumgombeza aliyeuumba?"

"Hakuna, mwalimu. Nimeutazama wimbo tu."

"Basi watazame wanawake waimbao na uache elimu. Au yaandike haya kwa Kiarabu, kila neno na mwenyewe aliyelisema, uniletee. Ijaza yako utaipata siku hiyo."

Usidhani namcheka, mwanangu. Swali lake lilikuwa swali la haki, na mpaka leo sina jibu lake. Nilirudi nyumbani nimenywea. Nikaanza kuyajaza yale maandishi majina ya wakubwa, huyu kasema hivi, yule kapinga vile, mpaka wimbo wenyewe ukapotea katikati ya wazee wa watu.

Wakati huo mpunga ulikuwa umeanza kuzaa, na shangazi alikuwa akishinda juu ya ulingo na kombeo lake kufukuza ndege. Kazi hiyo haina mapumziko. Ukigeuza shingo, kundi zima limeshuka. Nikapanda, nikaanza kumsomea. Kila nilipofika katikati ya sentensi, anasimama, anazungusha kombeo, anapiga ukelele, anakaa. "Enhe, rudia." Narudia. Anasimama tena. Sentensi zangu zilikuwa ndefu kuliko shibe ya wale ndege.

Mwishowe akanishika mkono.

"Hayo yote wamwambia nani? Hao watu siwajui. Mimi nilikuuliza habari ya Bakari."

Nilikasirika, sikufichi. Huku nimekataliwa kwa kukosa majina, na huku nakataliwa kwa kuwa nayo. Nikazitupa karatasi miguuni. Kisha, kwa uchovu tu, si kwa hekima, nikamwambia kwa kinywa changu yale niliyoyaona mwanzo: kwamba hamlaumu Mungu popote, kwamba ugomvi wake ni na mto, na kwamba anachofanya ni kutaja jina. Nilisema kidogo kidogo, nikimwachia nafasi ya kupiga kombeo.

Hakulipiga. Ndege walishuka kwenye mpunga wake, wakala, naye anawatazama asiwaone.

"Kumbe ndivyo nilivyosema?" aliuliza.

"Ndivyo, shangazi."

"Basi ni halali. Sema ni halali."

Hapo palikuwa pagumu kuliko Kipini. Neno moja lingemponya, na mimi nilimpenda. Lakini nilikuwa sina idhini ya kulisema wala uhakika wake.

"Siwezi, shangazi. Naweza kukuonyesha ulichosema tu. Hukumu sijui."

Niliona ameumia, nikatamani ardhi inimeze. Kisha akanigeuzia mgongo, akaukabili mto, akaanza kuimba. Sauti ilikuwa imekauka kwa kukaa bure. Alipofika kwenye jina la Bakari, alilitaja sawasawa, kama mama anayemwita mtoto aje kula.

Ijaza sikuipata. Nilimwandikia mwalimu kwamba yale maandishi yatabaki kwa Kiswahili na pasipo majina, naye hakunijibu. Huku kijijini vijana walinicheka, mwalimu gani huyu, hajui kusema ndiyo wala siyo. Baba alikaa muda mrefu bila kunisemesha. Iliniuma, mwanangu, na bado huniuma nikiona mwenzangu wa darasa anapishwa njia msikitini.

Sasa sikiliza. Wanachuoni wakikuuliza umejuaje, usiwatukane; chunguza tena, na mahali usipojua andika kuwa hujui. Watu wa shambani wakikuuliza unamwambia nani, usiwadharau. Wana kazi mikononi, na wamekupa masikio yao katikati ya kazi hiyo. Usiandike kwa kuwaogopa wa kwanza, wala usiwauzie wa pili uhakika usio nao ili wakupende. Mahali hapo pa katikati hapana kilemba wala vigelegele. Aandikaye hapo hukaa peke yake, na ndiyo maana wengi hupakimbia. Lakini kuna mtu amenyamazishwa mahali fulani, na wakati mwingine anachohitaji ni mtu wa kumsikiliza vizuri mpaka amrudishie maneno yake mwenyewe.

Chukua karatasi zako. Mungu akupe macho ya kuona kilichosemwa, akupe ulimi usiodanganya, na akulipe Yeye, maana watu hawatakulipa. Shangazi aliimba mpaka alipokufa. Hakuniuliza tena kama ni halali.