Makuti Mlangoni kwa Aziza

Watu walikuja kutulilia, na hakuna aliyekuwa amekufa.

Walikuja wengi. Wanawake wamejifunga vitenge viunoni, wanaume wana kuni begani, mmoja kabeba sufuria ya kupikia harusi. Wanalia kwa sauti zote walizopewa na Mungu. Sisi tumesimama uani tunatazamana, kila mmoja anamkagua mwenzake kama bado anapumua.

Habari hii nimekaa nayo miaka mingi. Ila juzi kwenye kundi letu la familia watoto walianza kurushiana maneno. Mara chanjo, mara karantini, mara barakoa, kila mtu kawa daktari. Nikasema ngoja bibi yenu naye aandike. Naandika kwa kidole kimoja, herufi zikipotea mnivumilie.

Ilikuwa hapa hapa Kindu, jina la Zaire likiwa bado geni midomoni. Wote tulishakuwa citoyen na citoyenne, yaani raia, upende usipende.

Mimi Jamila nilikuwa mke wa Tambwe, fundi wa treni. Mtoto wetu wa kwanza, Zuberi, alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa bila kuanguka.

Ijumaa moja nikapita mtaa wa Mikelenge kumsalimia rafiki yangu Aziza. Dakika mbili tu, nilijiambia.

Aziza alikuwa mjane. Aliishi kwenye lupango lake, ua wenye nyumba mbili, na mwanawe Mbaraka, mtoto mwenye maneno mengi kuliko umri wake. Nyumba ya pili alimpangisha Célestin, karani wa stesheni. Serikali ilikuwa imemwambia aache jina la kizungu ajiite Kalume. Mbele ya wakubwa tulimwita Kalume, wakigeuka anarudi kuwa Célestin.

Siku hiyo Mbaraka hakunikimbilia. Alikuwa amelala mkekani, macho mekundu, mafua yanamtoka, uso umejaa vipele.

"Njo surua, ndiyo yenyewe," Aziza akasema kwa sauti ndogo. "Leo njo imetoka."

Nikamfunika Zuberi uso kwa kanga, nikageuka nitoke. Nje nikasikia filimbi.

Vijana wa chama walikuwa wanafunga kamba mlangoni, na kitambaa chekundu katikati yake. Pamoja nao mwanaume mrefu, suti ya abacost imepigwa pasi, sanduku la barafu la dawa mkononi. Alitumwa kutoka Kinshasa kwa ajili ya surua iliyokuwa inazoa watoto mjini. Jina lake Onema.

"Lupango lenye mugonjwa linafungwa," akasema. "Hakuna kuingia, hakuna kutoka."

"Miye niko mugeni! Nilikuja kusalimia tu!"

"Citoyenne, umevuta hewa ya humu?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi wewe si mugeni tena."

Nililia. Sioni aibu kuandika. Nililia mbele ya wale vijana, na mmoja wao akawa anacheka.

Onema hakucheka. Alimtazama Mbaraka, akamwambia Aziza afungue dirisha na ampe maji mengi. Kisha akamgeukia Aziza.

"Huyu dawa imeshamupita. Sindano haiwezi kumusaidia tena."

Akamnyooshea Zuberi kidole.

"Huyu bado. Nikimuchoma kabla ya Jumatatu jioni, dawa inaweza kuwahi ugonjwa. Baada ya hapo, siahidi kitu."

Kwa nini sikumwambia achome pale pale? Subirini niwaambie, msinihukumu haraka.

Mtoto kwetu ni wa upande wa baba. Tambwe alikuwa Kongolo na treni yake, na aliponiaga alisema, jambo lolote la Zuberi muulize mama. Mama mkwe wangu, Mama Sharifa, alikaa Alunguli, ng'ambo ya mto. Na Mama Sharifa na sindano walikuwa maadui wa siku nyingi.

Zamani za Wabelgiji, askari walizingira soko wakachanja watu kwa nguvu. Mwanawe wa mwisho alikuwa na homa siku hiyo. Mama Sharifa alisema, akaomba, hawakumsikiliza. Mtoto akafa wiki ile ile. Hata kwenye radio, akisikia neno chanjo, alikuwa anaizima.

Nikamwomba muuza samaki aliyepita barabarani ampelekee ujumbe. Nikaanza kungoja.

Ndani ya lile lupango, sasa, ubishi. Jamani! Mnadhani ninyi mmeanza kubishana juzi?

Célestin alijifunga kitambaa puani, amekipaka kafuri, macho yanamtiririka. Hakuwa na mtoto hata wa dawa, lakini maneno alikuwa nayo.

"Kitu ya bure ya serikali, miye naiuliza mara mbili," akasema. "Wanatufunga humu kusudi watuzoeze kufungwa. Leo surua, kesho watasema kukohoa njo uasi."

"Na watoto wanaozikwa kila siku, nao ni politiki?" nikamuuliza.

"Miye sikusema surua haiko. Minasema nani alionja ile dawa mbele yetu?"

"Célestin, kaa kimya," Aziza akasema. "Hayo maneno yako niliyasikia mwezi uliopita, walipokuja kuchanja kwenye kiwanja cha chama. Nikasema nitampeleka Mbaraka wiki ijayo."

Célestin akashusha kitambaa, akakipandisha tena.

Mimi nilikaa pembeni kabisa, kwenye baraza la Célestin, Zuberi kifuani. Kila akipiga chafya moyo unashuka. Ua ule ningeuvuka kwa kukimbia kidogo tu, lakini nilikuwa nauona unapungua. Kamba moja ilikuwa mlangoni, nyingine imetoka Alunguli imenishika shingo.

Jibu la Mama Sharifa lilifika Jumapili. Muuza samaki alisimama mbali akalipaza, barabara nzima ikasikia.

"Mama anasema hivi: mutoto ni wetu. Akiguswa na ile sindano, Jamila arudi kwao mikono mitupu."

Mikono mitupu. Yaani bila ndoa, na bila Zuberi.

Onema alipopita jioni nikamwambia hapana. Hakunigombeza. Alisema atarudi kesho, ndiyo mwisho, sanduku lina watu wengine wanalingoja. Nilitamani anigombeze, nipate wa kumkasirikia.

Aziza alikuwa amekaa na kichwa cha Mbaraka mapajani. Mtoto alikuwa anahema kwa shida, ameacha hata kuomba maji. Aziza akanitazama mimi, akamtazama Zuberi, akarudi kwa mwanawe.

"Mama mukwe wako ni muntu wa namna gani?" akaniuliza.

"Mgumu."

"Hakuna kitu kinaweza kumuvusha mto?"

"Kilio tu," nikasema. "Kilio hakosi hata kimoja."

Akatikisa kichwa, akaendelea kumpepea mtoto.

Jumatatu mchana Aziza aliniambia niingie ndani kwa Célestin nijinyooshe, nimechoka mpaka nachekesha. Wale vijana wa mlangoni walikuwa wameenda kula. Nikalala na Zuberi. Nikaamshwa na vilio.

Natoka nje, naona kila upande wa mlango pamesimama makuti mabichi ya mchikichi.

Kwa asiyetoka kwetu: kuti la mchikichi likipandwa mlangoni, maana yake humo mna msiba. Huhitaji kuambiwa. Muislamu, Mkristo, ukiliona unaacha ulichoshika, unaingia kulia na wenzako. Kupita bila kuingia ni kuitafuta laana.

Watu waliingia, na habari ikavuka mto na mitumbwi. Kamba ilikatika, sijui hata nani aliikata.

Aziza alikuwa ameziba mlango kwa mwili wake, anapiga kelele. "Wenye watoto mugongoni warudi! Kama surua haijakushika utotoni, rudi!" Mikono yake ilikuwa na mikwaruzo mpaka viwikoni. Nikadhani ni kuni.

Kisha nikamwona Mama Sharifa.

Kichwa wazi, mtandio umeachwa njiani, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna. Mwanamke ambaye sikuwahi kuona nywele zake. Alipita watu wote, akaja mpaka kwangu, mikono mbele kama anayepokea maiti.

Zuberi akamcheka. Meno mawili, mate kidevuni.

Mama Sharifa akakaa chini, pale pale kwenye vumbi.

"Iko hai?"

"Yuko hai, mama."

"Nani amekufa basi?"

"Hakuna, mama. Hakuna aliyekufa."

Alimchukua, akamnusa shingo, akamgeuza, akamnusa tena. Ndipo akalia kilio ambacho hakikuwa cha matanga.

"Ndani ya mutumbwi nilisema, Mungu, kama njo Zuberi, basi miye njo nilimuua. Yule wangu wa zamani walimuua Wabelgiji. Huyu ni miye, na mudomo wangu."

Onema alifika wakati huo huo. Mwenyekiti wa mtaa akamrukia.

"Citoyen! Unapanda makuti kwa watu kuwa alama ya ugonjwa, bila kuuliza wenyeji maana yake?"

"Mimi?" Onema akasema. Akawageukia vijana, vijana wakamtazama yeye. Kila mmoja alidhani ni amri ya mwenzake. Na mtu wa Kinshasa kwenye mji wa wenyewe atamwambia nani akaamini? Alitukanwa mpaka abacost ikalowa jasho.

Mama Sharifa alisimama katikati ya matusi yale na mjukuu mkononi.

"Wewe wa dawa," akasema. "Mugombane baadaye. Uchome huyu. Miye njo nitamushika."

Na alimshika. Zuberi alipiga yowe moja, bibi yake akapiga mawili.

Watu wakatolewa, kamba ikafungwa upya, Mama Sharifa akabaki ndani na sisi. Na mwenyekiti, ili mambo yasirudie, akapita mtaani na kipaza sauti: "Makuti ya kwa Aziza njo alama ya ugonjwa! Hakuna kilio! Muntu asiingie!"

Makuti yakaachwa pale, kwa amri.

Zuberi hakuugua. Alipata joto kidogo siku moja, tukakesha bure.

Mbaraka alikufa wiki ile, asubuhi, kichwa mapajani mwa mama yake.

Aziza alilia mpaka barabarani. Tulilia wote, hata Célestin, ametupa kitambaa chake. Tulikata makuti mapya, tukayapanda mlangoni kando ya yale yaliyokauka.

Watu walipita. Niliwaona kwa macho yangu. Mmoja alipunguza mwendo, mwenzake akamvuta mkono. "Njo wale wa dawa. Endelea."

Hakuna aliyeingia. Hakuna kuni wala sufuria. Watu wa afya walimchukua mtoto, na matanga ya Mbaraka tukakaa wanne tu: mama yake, mimi, mama mkwe wangu na karani wa stesheni. Miaka yote hii, nikimkumbuka Onema, nilikuwa nasema Mungu amsamehe kwa makuti yake.

Sasa nije kwenye hili lililonifanya niandike.

Mwaka jana nilikwenda na Zuberi kumtembelea Aziza. Bado yuko lupango lile lile, mzee kama mimi, peke yake. Zuberi ana ndevu nyeupe siku hizi, lakini kwa Aziza anakaa chini mkekani. Mazungumzo yakafika kwa Onema, nami nikarudia sala yangu.

Aziza akaniachia nimalize.

"Mwache yule muntu, Jamila. Alifunga kamba tu. Makuti niliyapanda miye."

Nikadhani uzee.

"Uliniambia ni kilio tu kingemuvusha mto mama mukwe wako. Wangu nilikuwa naona anakwenda. Wako alikuwa bado na njia."

"Mlangoni kwako, Aziza? Na mtoto wako mgonjwa ndani?"

"Ningepanda kwa nani?"

Niliweka kikombe chini.

"Mbona hukuniambia?"

"Kwanza ungekataa. Halafu alipokufa... watu wangesema nimemuitia kifo mwenyewe. Miye mwenyewe nimesema hivyo mara nyingi, humu ndani, na hakuna wa kunijibu."

Nilimkumbatia, nikamjibu. Nilimwambia ni surua, ni surua, Aziza, ni surua. Sijui nilisema mara ngapi.

Basi ninyi watoto wangu mnaobishana. Bisheni, ubishi haukatazwi, hata Célestin alikuwa na haki ya kuuliza maswali. Na serikali inayowakamata watu kwa nguvu inapanda hofu ambayo wajukuu ndio wataivuna, hilo Mama Sharifa alilijua kuliko sisi sote. Ila mkimaliza kuuliza, mpelekeni mtoto mapema. Msingoje wiki ijayo. Kama unasema shauri lako ni lako peke yako, mimi ninaye mwana aliye hai kwa sababu mwanamke mwingine alitumia matanga ya mwanawe kwa ajili ya wangu.

Siku ile kwa Aziza, Zuberi aliinuka mkekani. Alitoka nje. Tukasikia panga.

Tulipomfuata, alikuwa anapanda makuti mabichi mlangoni, upande huu na upande ule, shati limelowa.

Jirani wa kwanza akaingia mbio, mkono kifuani. "Nani amekufa?"

"Mbaraka," Zuberi akasema. "Mtoto wa Mama Aziza."

"Lini?"

Zuberi akamtolea kiti.

Jioni ile ua ulijaa, na kuni zikaletwa.