Nyayo Nilizozifuta Majivuni

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, mwaka wa pili tangu serikali ituhamishe kutoka bonde letu, nyuma ya Heru Juu, tukakae kijijini kando ya barabara ya Kasulu. Nyumba tuliziacha, na migomba na mihogo pia. Kila wiki mimi na shangazi tulirudi kwenye mahame yale kukata ndizi, maana migomba ya kijijini ilikuwa bado michanga.

Siku hiyo nilitangulia. Nguruwe pori walikuwa wamefukua mihogo. Nikaingia katika jiko letu la zamani, na juu ya majivu nikaona nyayo pana, za mviringo, zisizo na alama ya kucha. Kando yake kulikuwa na nyingine, ndogo: chui na mwanawe. Zamani chui alikuwa mnyama wa misitu ya mbali, ng'ambo ya mto. Lakini tulipotoka sisi, nyasi ziliingia, nguruwe wakaifuata mihogo, naye akawafuata nguruwe. Akakuta nyumba tupu yenye paa, akazalia humo.

Nilivunja tawi nikayafagia majivu. Mwenyekiti wa kijiji angejua, angetukataza kurudi. Nami nilikuwa naolewa, na kwetu Waha harusi isiyo na pombe ya ndizi ni aibu ya ukoo.

Shangazi alipofika akanitazama. "Umeona nini?"

"Nguruwe tu."

"Bibi harusi mzima anahema kwa kuogopa nguruwe! Mumeo ana kazi."

Tukacheka.

Wiki iliyofuata shangazi alitaka ule mtumbwi wa mti tunaokamulia ndizi. Ulikuwa umebaki katika jiko lile la zamani. Nilijiambia chui ameshaondoka, nikanyamaza, nikamwacha aingie.

Chui alimrukia, kisha akatoweka na mwanawe. Wanaume walimtafuta siku tatu, wasione hata unyoya. Shangazi alipona, ila mkono wake wa kulia haukukamua ndizi tena.

Baadaye nilimweleza ukweli.

"Chui nimemsamehe," akasema. "Alikuwa na mtoto. Wewe ulikuwa na nini?"

Nilikuwa na harusi.

Mwanangu, mnyama huingia pale tulipompisha, na hutuachia alama. Ukiiona, iseme siku hiyohiyo, hata kama itakunyima ulichokitamani. Usiamue peke yako hatari itakayompata mwingine.

Mungu akupe ulimi usioogopa. Na kila mlango watakaoufungua wapendwa wako, watoke salama.