Hewa Nyepesi ya Bara

Jana nilishuka kutoka bara, na chupa tupu ya plastiki niliyoifunga kule juu ilifika Matsangoni, huku pwani, imebonyea mbavu zote. Nilipoishika nilimkumbuka dada yangu, aliyezaliwa na ugonjwa wa seli mundu.

Daktari alimwonya baba: "Kule milimani hewa ni nyepesi mno. Damu ya mtoto huyu haitaiweza."

Baba alicheka. "Hewa ya baridi ndiyo itakayomponya," akasema, akamkatia tiketi ya basi, akampeleka kwa shangazi kule bara huku mama akilia.

Kabla wiki haijaisha pumzi zilimwishia. Dada alirudi ndani ya sanduku lililonuka vanishi mbichi.

Matangani, baba aliwaambia wageni kwamba ni kazi ya Mungu.

Mama akalitua birika la chai, akasema wote wasikie, "Mungu hakumkatia tiketi."